Mwajiri Akibadilika, Chama Hubaki Wapi?

Chukua hati ya mshahara ya mfagiaji aliyeajiriwa na kaunti pale Malindi, uisome mstari kwa mstari. Juu kabisa pana jina la mwajiri. Chini yake kuna mshahara wa msingi na marupurupu ya nyumba, kisha makato: NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF, asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, mchango wa pensheni, na karibu na mwisho, mstari mfupi wenye jina la chama cha wafanyakazi na shilingi mia kadhaa. Sasa kazi ile ya kufagia ikipewa kontrakta, ufagio haubadiliki. Barabara ni ile ile, alfajiri ni ile ile, na pengine mtu mwenyewe ni yule yule. Kinachobadilika ni jina la juu. Na jina la juu likibadilika, ule mstari mfupi wa chini hufutika wenyewe, bila mtu yeyote kutangaza kwamba chama kimepigwa marufuku.

Hapo ndipo lilipo fundo la habari hii. Wengi hudhani ubinafsishaji huvunja vyama kwa vitisho na kwa kufukuza viongozi. Hayo hutokea, lakini si njia kuu. Kifungu cha 41 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kugoma, na haki hiyo haiondoki kwa kuja kontrakta. Ila namna ya kuitumia imewekwa na Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, na sheria hiyo imeifunga karibu kila nguvu ya chama kwa mwajiri mmoja mwenye jina. Akiondoka yeye, nguvu hizo zinabaki hazina pa kushikilia hadi zifungwe upya kwa mwajiri mpya. Kufunga upya kunataka muda, fedha na idadi ya watu, na chama kilichochelewa mara nyingi kinakuwa kimeshapoteza vyote vitatu.

Si kuuza tu

Neno ubinafsishaji likitajwa, watu hukumbuka mauzo makubwa. Mwaka 1996 kampuni ya KLM ilinunua asilimia 26 ya Kenya Airways na hisa nyingine zikauziwa umma. Mwaka 2006 reli ilikodishwa kwa Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25, ambao ulivunjwa 2017. Mwaka 2007 asilimia 51 ya Telkom Kenya ilikwenda kwa France Telecom. Mauzo ya namna hii yana sheria yake na kelele zake. Sheria ya ubinafsishaji iliyotungwa 2023 ilibatilishwa na Mahakama Kuu Septemba 2024, kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo.

Malindi na Lamu jambo hili huingia kwa mlango wa uani, na ndiyo maana halionekani.

Namna ya kwanza ni kampuni. Sheria ya Maji ya 2002 iliyatoa maji mikononi mwa wizara na mabaraza na kuyapeleka kwa makampuni. Malindi, maji yanayovutwa kutoka visima vya Baricho kando ya mto Sabaki yanasambazwa na kampuni ya maji na majitaka ya huko, na Lamu ina ya kwake, inayotegemea visima vya Shela kwenye vilima vya mchanga. Kampuni hizi ni mali ya umma. Hakuna tajiri aliyezinunua. Lakini kwa chama, kampuni ni mwajiri mwingine kabisa: ina bodi yake, meneja wake, akaunti yake ya benki, na inaweza kushtakiwa kwa jina lake. Anayekwambia "hamna kilichobadilika, bado ni serikali" hajaisoma sheria ya kazi, au ameisoma na hataki wewe uisome.

Namna ya pili ni kandarasi: usafi wa mji, ulinzi wa majengo, ufuaji na upishi hospitalini, uzoaji taka. Hii haipitii sheria ya ubinafsishaji hata kidogo. Inapitia Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, sheria ile ile inayotumika kununua karatasi na mafuta ya gari. Kazi ya watu sabini inaweza kuondoka kwa tangazo la zabuni la inchi nne gazetini.

Kwa nini kaunti hupenda njia hii? Sababu moja haitajwi sana hadharani. Kanuni za usimamizi wa fedha za kaunti za 2015 zinaitaka kaunti isitumie zaidi ya asilimia 35 ya mapato yake kwa mishahara. Mfagiaji wa kudumu huhesabiwa kwenye mishahara. Mfagiaji wa kontrakta huhesabiwa kwenye matumizi ya kawaida, mstari mmoja na karatasi na umeme. Kaunti iliyobanwa na asilimia ile hupata nafuu kwenye vitabu hata kama kandarasi yenyewe ni ghali kuliko mishahara iliyoondolewa. Kiongozi wa chama anayejadiliana bila kuijua kanuni hii anapigana na kivuli.

Namna ya tatu ni ubia wa serikali na kampuni binafsi, chini ya sheria ya 2021, kwa miradi mikubwa. Bandari ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, ni mahali pa kuangaliwa kwa makini. Mombasa, mwekezaji wa kukodi gati anakuta Chama cha Wafanyakazi wa Bandari kina mizizi ya miaka mingi. Bandari changa, mwendeshaji mpya anaweza kuanza na watu aliowaajiri mwenyewe kwa masharti aliyoyaandika mwenyewe, na chama kikaja baadaye kubisha hodi.

Kamba tatu kwenye nguzo moja

Chama kazini ni kama mashua iliyofungwa kwa kamba tatu kwenye nguzo moja. Nguzo ni mwajiri.

Kamba ya kwanza ni makato. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi kinasema mwanachama atie sahihi Fomu S, chama kimkabidhi mwajiri, naye aanze kukata ndani ya siku 30 na kupeleka fedha kwenye akaunti ya chama. Fomu hiyo ni kati ya mfanyakazi na mwajiri huyo. Haihamishiki. Siku ya kwanza kwa kontrakta, hata mwanachama wa miaka ishirini ni sawa na asiye na chama kwa upande wa makato, mpaka atie sahihi fomu mpya.

Kamba ya pili ni utambuzi. Kifungu cha 54 kinamlazimu mwajiri akitambue chama kinachowakilisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake wanaoruhusiwa kujiunga, yaani bila kuwahesabu mameneja. Ya tatu ni mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri, ule ambao kila mtu huuita CBA. Ukishasajiliwa mahakamani, kifungu cha 59 kinaufanya uwabane mwajiri aliyetia sahihi na wafanyakazi wake wote wanaoruhusiwa kujiunga na chama, na masharti yake kuwa sehemu ya mkataba wa kazi wa kila mmoja wao. Kontrakta hakutia sahihi. Posho ya sare, siku za likizo, ngazi za kupandishwa cheo, vyote vilivyopiganiwa miaka na miaka, havimhusu.

Tufanye hesabu ya mfano, maana hapa ndipo watu hushangaa. Idara ina wafanyakazi 120 wanaoruhusiwa kujiunga, na wanachama ni 80. Kila mmoja hutoa shilingi 300 kwa mwezi, kwa hiyo tawi linaingiza 24,000. Usafi unapewa makontrakta wawili, watu 70 wanaondoka, na kati yao 55 walikuwa wanachama. Wanabaki watu 50, wanachama 25. Mapato ya tawi yameshuka hadi 7,500, ambayo pengine hayalipi hata pango la ofisi. Lakini pigo kubwa ni lile la pili: 25 kati ya 50 ni nusu kamili, na sheria inataka zaidi ya nusu. Chama kimepoteza wingi hata kwa wale ambao kazi yao haikuguswa, kwa upungufu wa mtu mmoja. Utambuzi hautoweki siku hiyo, lakini mwajiri amepata sababu ya kwenda kwenye Bodi ya Taifa ya Kazi kuomba ufutwe.

Huko kwa makontrakta, kila mmoja amechukua watu 35. Chama kinahitaji 18 kwa huyu na 18 kwa yule, utambuzi mara mbili, majadiliano mara mbili, CBA mbili. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hapa mkono umegawanywa vidole.

Kisha kuna saa inayokimbia. Zabuni nyingi za usafi na ulinzi ni za mwaka mmoja au miwili. Kusanya fomu, mwezi mmoja au miwili. Subiri makato yaanze, siku 30. Mwajiri akikataa kutambua, ripoti mgogoro kwa Waziri wa Kazi, ambaye ana siku 21 kuteua msuluhishi, na usuluhishi wenyewe hupewa siku 30. Ukishindikana, mahakamani. Baada ya hapo ndipo majadiliano ya CBA yaanze, na usajili wake. Kontrakta hahitaji kuvunja sheria yoyote ili akushinde. Anahitaji tu kwenda polepole hadi zabuni yake iishe. Zabuni akiishinda mwingine, unaanza moja.

Hakuna sheria ya kuhamisha watu

Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zina sheria maalumu: kazi ikihamia kwa mwajiri mpya, mfanyakazi huhama na mshahara wake, miaka yake ya utumishi na masharti yake. Kenya haina sheria ya namna hiyo. Mahakama za kazi zimesema mwajiri anaweza kutoa nje kazi zisizo kiini cha shughuli zake, lakini asiitumie njia hiyo kukimbia madeni na wajibu kwa wafanyakazi. Kanuni hiyo ni nzuri, ila huipati mpaka uende mahakamani. Kwa hiyo katika matendo, mtu huhamishwa kwa mojawapo ya njia tatu, na kila moja ina shimo lake.

Ya kwanza ni kupunguzwa kazini kisha kuajiriwa upya. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka mwajiri akiarifu chama na afisa wa leba sababu na ukubwa wa upunguzaji angalau mwezi mmoja kabla. Wanaoondolewa wateuliwe kwa kuangalia muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Mfanyakazi apewe notisi ya mwezi au mshahara wa mwezi, likizo iliyobaki ilipwe kwa fedha taslimu, na malipo ya kupunguzwa yasipungue siku 15 kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Kesi ya Kenya Airways iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2014 ilithibitisha kwamba kufuata hatua tu hakutoshi. Lazima pia sababu yenyewe iwe ya kweli.

Shimo liko kwenye neno "siku". Mfanyakazi wa mshahara wa 26,000 aliyetumikia miaka 12: ukigawanya mshahara kwa siku 26 za kazi, siku moja ni 1,000, na malipo yake ni 180,000. Ukigawanya kwa siku 30 za mwezi, ni 156,000. Tofauti ya shilingi 24,000 kwa mtu mmoja, kwa sababu ya tarakimu ambayo haikuandikwa kwenye CBA. Andikeni kigawanyo. Sentensi moja inatosha.

Ya pili ni ile mbaya kuliko zote: "Andika barua ya kujiuzulu, Jumatatu unaanza kazi kwa kampuni." Anayejiuzulu ameondoka kwa hiari yake. Hapati malipo ya kupunguzwa, na miaka yake inaanza kuhesabiwa sifuri. Barua hizi mara nyingi huja zimeshachapwa, zinasubiri sahihi, na mtu huambiwa asipotia leo nafasi itapewa mwingine. Mwakilishi wa chama kazini ana jukumu moja tu siku hiyo: kuhakikisha hakuna anayetia sahihi kabla barua haijasomwa na katibu wa tawi.

Ya tatu ni kuazimwa. Mfanyakazi anabaki wa kaunti, analipwa kwa ngazi ya kaunti, lakini anafanya kazi chini ya kampuni. Kwa mfanyakazi hii ndiyo bora, na kwenye makampuni ya maji ndiyo njia ya kudai kwanza. Angalia mambo mawili tu kwenye barua: tarehe ya mwisho ya kuazimwa na kitakachofuata baada yake, na nani anapeleka mchango wa pensheni. Hili la pensheni limeumiza wengi. Mwajiri wa zamani hudhani mpya anapeleka, mpya hudhani wa zamani anapeleka, na mtu hugundua akistaafu kwamba miaka mitatu haina kitu. Kabla ya kuhama, kila mfanyakazi aombe taarifa ya akaunti yake kutoka mfuko wa pensheni, aihifadhi.

Chama kipi kinakuhusu?

Kila chama kimesajiliwa kwa katiba inayotaja sekta yake. Mfagiaji wa kaunti yuko chini ya Chama cha Wafanyakazi wa Serikali za Kaunti. Mlinzi wa kampuni ya ulinzi ana chama cha walinzi binafsi. Mfanyakazi wa usafi katika kampuni binafsi anaweza kuvutwa na KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa majumbani, mahoteli, shule na hospitali, ambacho Malindi kinafahamika zaidi kwa watu wa mahoteli, au na kingine, kutegemea kampuni imejiandikisha kufanya nini. Chama chako cha zamani kinaweza kukosa mamlaka ya kisheria ya kukufuata, hata kama moyo kinao.

Kwenye maji jambo ni chungu zaidi, kwa kuwa chama cha kaunti kinadai wafanyakazi wa makampuni ya maji tangu enzi za mabaraza, na chama cha wafanyakazi wa maji na majitaka kinadai hao hao. Vyama viwili vikigombania watu sitini, kila kimoja kikapata ishirini na tano, hakuna aliyevuka nusu, na meneja hana wa kujadiliana naye. Viongozi wanaoendesha ugomvi huo kutoka Nairobi wajue wanachowafanyia watu wa chini. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na hapa fimbo zenyewe zinagongana.

Sakafu ya mshahara: Malindi si Lamu

CBA ikianguka, kinachobaki chini ya miguu ni viwango vya chini vya mshahara vya serikali. Kwa viwango vya Novemba 2024, kibarua wa kawaida, kundi ambalo mfagiaji na msafishaji wamo, ana kiwango cha karibu shilingi 14,867 kwa mwezi katika miji iliyokuwa manispaa, na karibu 8,597 katika sehemu nyingine zilizobaki. Malindi ilikuwa manispaa. Lamu haikuwa, ilikuwa chini ya baraza la kaunti.

Ukiongeza asilimia 15 ya nyumba, mfagiaji wa kontrakta Malindi hawezi kulipwa chini ya 17,097 kwa sheria, na mwenzake wa Lamu, anayesukuma mkokoteni kwenye vichochoro ambavyo gari haliingii, anaweza kulipwa 9,886 bila mtu kuvunja sheria. Chini ya kaunti wote wawili huwa kwenye ngazi za utumishi wa umma, na tofauti hii haipo. Ni kandarasi inayoifungua. Na bidhaa Lamu zinavuka maji kabla ya kufika dukani, kwa hiyo anayelipwa kidogo ndiye anayenunua ghali. Chama kinachotetea wafanyakazi wa Lamu hakiwezi kunakili madai ya Malindi. Kinatakiwa kudai sakafu iandikwe ndani ya zabuni yenyewe.

Mgomo nao

Mgomo halali unataka notisi ya maandishi ya siku 7, baada ya usuluhishi kushindikana. Lakini jedwali la huduma muhimu katika sheria ya 2007 linataja ugavi wa maji, huduma za hospitali, zimamoto na vivuko, na migogoro ya huko inapelekwa mahakamani badala ya mgomo. Ubinafsishaji hauondoi kizuizi hicho. Fundi wa mabomba anapoteza CBA ya serikali, lakini anabaki na katazo la serikali.

Sheria hiyo hiyo inakataza mgomo wa kuwaunga mkono wafanyakazi wa mwajiri mwingine. Jana karani na msafishaji wa ofisi walikuwa na mwajiri mmoja na waliweza kusimama pamoja. Leo msafishaji ni wa kampuni, na karani akiweka chini kalamu kwa ajili yake, amevunja sheria.

Ndiyo maana mfano wa uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, unafaa kusomwa vizuri. Tarehe 11 Septemba 2024 wafanyakazi wa usafiri wa anga waligoma kupinga mpango wa kuukodisha uwanja kwa kampuni ya Adani ya India kwa miaka 30. Mpango ulifutwa na Rais tarehe 21 Novemba, baada ya mashtaka yaliyofunguliwa Marekani dhidi ya mwenye kampuni hiyo, kwa hiyo si haki kusema mgomo peke yake ndio ulioufuta. Cha kujifunza ni wakati. Chama kiligoma mkataba ukiwa haujatiwa sahihi, mwajiri akiwa bado ni yule yule, kamba zote tatu zikiwa bado zimekaza. Miezi sita baada ya makabidhiano, watu wale wale wangekuwa hawana hata wa kumpa notisi.

Kazi ya chama kabla ya zabuni

Kaunti haiamki siku moja ikatoa kandarasi. Dalili huonekana kwenye karatasi miezi mingi kabla, na karatasi hizo zina tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bungeni la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mikakati ya fedha, kufikia 28 Februari. Makadirio ya bajeti, kufikia 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Katibu wa tawi asome makadirio ya idara yake mwaka huu na mwaka uliopita kwa pamoja: mstari wa mishahara ukishuka, na ule wa walinzi na usafi wa kandarasi ukipanda, jibu analo mkononi kabla ya tangazo. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti kushirikisha umma. Vikao hivyo vya Malindi na Lamu ndipo pa kuuliza, kwa maandishi na kwa nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Taarifa ikifichwa, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa ofisa siku 21 kujibu.

Madai yenyewe yawe machache na yaandikwe ndani ya hati ya zabuni, si kwenye ahadi za mdomo: kontrakta awachukue waliopo kwanza, miaka yao itambuliwe, sakafu ya mshahara iwe ile ya CBA, makato ya chama yaanze mwezi wa kwanza, na malipo ya kaunti kwa kontrakta yaambatane na uthibitisho kwamba mishahara na NSSF za mwezi uliopita zimelipwa. Hili la mwisho lina meno kuliko yote, kwa sababu linagusa hundi. Kenya iliridhia Mkataba namba 94 wa Shirika la Kazi Duniani mwaka 1964, unaotaka kandarasi za umma zilinde viwango vya kazi vilivyopatikana kwa makubaliano ya pamoja. Mkataba huo unazungumzia hasa mamlaka za serikali kuu, kwa hiyo kwa kaunti ni hoja nzito ya kudai, si amri ya kujitekeleza.

Kisha piga hesabu ya bei. Watu 35 Malindi kwa 17,097 ni 598,395 kwa mwezi. Asilimia 6 ya NSSF ya mwajiri ni 35,904. Asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba upande wa mwajiri ni 8,976. Jumla 643,275, kabla ya glavu, buti, mikokoteni, watu wa kushika nafasi za walio likizoni, na faida ya kontrakta. Kampuni inayoshinda kwa 550,000 imeshaandika kwenye bei yake kwamba haitalipa kitu fulani. Peleka hesabu hiyo kwa madiwani ikiwa imechapwa ukurasa mmoja. Hoja ya tarakimu husikilizwa na watu ambao hawasikilizi hoja ya haki.

Tuseme na ukweli wa upande wa pili. Mabomba yaliyokauka na taka zilizolala sokoni wiki nzima zimewafanya wananchi wengi waone kontrakta ni afadhali, na chama kinachotetea ajira bila kutaja huduma hupoteza watu hao mapema. Chama kije na mpango: mashimo mangapi ya maji yanayovuja yatazibwa, mitaa ipi itafagiliwa siku zipi, na msimamizi ni nani.

Kwa waliokwisha kuhamishwa, kazi ya kwanza ni fomu. Fomu S mpya zitiwe sahihi wiki ya kwanza, watu wakiwa bado wanajuana na hasira bado i moto. Baada ya miezi mitatu nusu yao wanaweza kuwa wameshabadilishwa. Kontrakta anayewaweka watu kama vibarua wa siku akumbushwe kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira: siku za kazi mfululizo zikifika jumla ya mwezi mmoja, au kazi ikiwa si ya kumalizika ndani ya miezi 3, kibarua anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa kawaida, na mahakama inaweza kumpa haki zote za mwajiriwa.

Tarehe nazo zichungwe. Mgogoro wa kuachishwa kazi ukipitia kwa Waziri uripotiwe ndani ya siku 90. Madai chini ya Sheria ya Ajira yafunguliwe mahakamani ndani ya miaka 3. Mahakama ya kazi inakaa Malindi, lakini mtu wa Lamu halazimiki kila mara kupanda basi: kwa mshahara usiozidi shilingi 80,000 kwa mwezi, hakimu wa ngazi inayoruhusiwa anaweza kusikiliza kesi. Aende na barua ya kwanza ya kuajiriwa, hati ya mwisho ya mshahara yenye jina la mwajiri wa zamani, hati ya kwanza yenye jina la mpya, na nakala ya CBA yenye namba ya usajili. Asiyekuwa na karatasi hizo aanze kuzitafuta leo, maana kampuni ikimaliza zabuni yake hufunga ofisi, na faili za wafanyakazi huondoka nayo.